Gari limezama mafuriko Kigogo, kazi imeisha, mkopo bado miezi 16. Nifanyeje wakuu?

kigogo_mbuyuni (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Saa nane hii sijalala, mke amelala na watoto, mi nipo sebuleni na karatasi za mkopo, nimeona bora niandike hapa maana kuna watu wazima humu wameshapitia mengi.

Iko hivi. Februari 2023 nilichukua mkopo wa gari milioni 10 kwa taasisi moja ya mikopo (sitaitaja), mi nikaongeza milioni 6 zangu za kudunduliza nikanunua Toyota IST. Miezi 30, riba asilimia 1.5 kwa mwezi ya flati (inapigwa kwenye milioni 10 zote mpaka mwisho), kwa hiyo kila mwezi 483,000 na ushee. Kadi ya gari wanayo wao. Mdhamini wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, hili mlikumbuke maana ndo linaloninyima usingizi kuliko gari lenyewe.

Nimelipa miezi 14 bila kuchelewa hata siku moja. Bima kubwa (inayofidia hata gari lako mwenyewe) mwaka wa kwanza ilikua ndani ya mkopo. Februari 2024 ilipoisha nikapigiwa hesabu, gari milioni 16 kwa asilimia 3.5 ni 560,000, weka VAT inakua 660,800. Ada ya shule ilikua inadaiwa wiki ileile. Nikakata bima ndogo ya 118,000 nikasema bima kubwa ntakata mwezi wa sita, na hao jamaa wa mkopo hawakuniuliza.

Aprili mnajua wenyewe mvua ilivyopiga Dar. Mi napaki kwenye uwanja wa jirani, mita kama mia mbili hivi kutoka bondeni. Mto Msimbazi ulipanda usiku saa tisa, tukatoka na watoto mgongoni tukapanda juu barabarani, gari nikaliacha. Kulipokucha maji yameshuka nikakuta alama ya tope iko usawa wa vitasa vya milango. Nafungua mlango maji yanamwagika miguuni, kwenye siti ya nyuma kuna ndala ya mtoto sijui ya nani, si ya wanangu.

Alafu nikafanya kosa, nikakaa nikapiga funguo. Likakohoa mara moja, likafanya "kwa!" kama limegonga chuma, likakaa kimya mpaka leo.

Sisemi yangu ndo makubwa. Waziri Mkuu Majaliwa alisema bungeni mwezi uleule kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchi nzima kwa hizi mvua, mi watoto wangu wapo nashukuru Mungu. Lakini tarehe 31 Mei ofisini tukaitwa wanane tukapewa barua, kampuni inapunguza watu. Miaka sita nimekaa kwenye lile ghala Chang'ombe. Mshahara wa msingi ulikua milioni 1.1.

Rejesho la Juni limepita sijalipa. Afisa mikopo amepiga mara saba leo sijapokea. Gari limekaa tu pale kwa jirani na harufu yake. Nifanyeje?

mwana_tandale

Pole sana kaka. Mi ningekua wewe gari ningelivuta usiku nikalipeleka mkoani kwa ndugu, wakija hawalikuti. Au lichinje uza spea mojamoja, mlango, taa, rimu, kioo, IST spea zake zinatoka siku hiyohiyo pale Gerezani Kariakoo. Hela ikusaidie na watoto.

dada_wa_mikopo

Naomba mleta uzi usifuate huo ushauri wa hapo juu, na mwana_tandale usinichukie, najua umesema kwa huruma.

Nimefanya kazi kwenye mikopo miaka tisa, hapa Dar na Morogoro. Gari ni dhamana. Ukilichinja umeuza mali iliyowekwa dhamana bila ridhaa ya aliyekukopesha, hapo deni linaacha kuwa deni tu, linaweza kukupeleka polisi. Ukilificha ndo kabisa, mengi yamefungwa GPS siku unayochukua hela. Na wakikukosa wewe wanaenda kwa nani? Kwa shemeji. Mdhamini amesaini kulipa usipolipa.

Sasa nisikilize kaka yangu. Anayepiga simu mara saba ana ripoti ya kuandika kesho asubuhi. Usipopokea anaandika "mteja hapatikani", na likishaandikwa hilo faili linatoka mezani kwake linaenda kwa watu wa ukusanyaji, baadae dalali. Ukipokea ukasema nimeachishwa kazi, gari limezama, nakuja Alhamisi na karatasi, anaandika "mteja amekiri, atakuja tarehe fulani". Faili linabaki kwake. Nimeona mamia ya mafaili, hiyo sentensi moja ndo inayoamua gari litauzwa na nani.

Dalali akilichukua utaongezewa gharama ya kulivuta, ya yadi kila siku linapolala na malipo yake mwenyewe (soma mkataba wako vizuri, vipo humo), alafu linapigwa mnada bei ya kutupa na kinachobaki bado unadaiwa. Wengi hawajui hilo, wanadhani wakichukua gari deni limeisha.

Kingine, soma hesabu yako. Umelipa 14 zimebaki 16. Ukilipa kawaida hizo 16 ni kama milioni 7.73. Lakini msingi ni 333,333 kwa mwezi mara 16, milioni 5.33 tu. Iliyobaki milioni 2.4 ni riba ya miezi ambayo haijafika. Kwahiyo unapoenda kule usiende kuomba huruma tu, nenda uulize ukimaliza kwa mkupuo wanakutoza kiasi gani, na wakujibu kwa maandishi.

kigogo_mbuyuni

Dada asante sana. Hiyo ya milioni 5.33 sikuwahi kuitazama hivyo, kichwani mwangu nadaiwa milioni saba na laki saba. Kesho napokea simu.

fundi_gerezani

Pole mkuu. Nikueleze kilichotokea siku ile ulipopiga funguo. Maji yaliingia kwenye bomba la hewa yakakaa juu ya pistoni. Injini imetengenezwa kubana hewa, maji hayabaniki, kwahiyo stata ilipozungusha pistoni ikapanda ikakuta maji, kilichopinda ni konrodi (chuma kinachosukuma pistoni). Ule mlio wa "kwa" ndo huo. Hata likija kuwaka litagonga siku mbili tatu alafu litatoboa bloku.

Wengine mnaosoma shikeni hili. Gari likiingia maji usiguse swichi kabisa, hata redio. Chomoa teminali ya betri, hasi kwanza. Vuta kijiti cha oili, ukiona rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia. Gia boksi nayo angalia, ile oili nyekundu ikiwa ya pinki kama maziwa ya stroberi imekufa. Fundi atoe plagi zote azungushe injini kwa mkono maji yaruke nje, abadili oili mara mbili hata tatu ndo mfikirie kuwasha. Ungefanya hivyo wewe pengine ungetoka na kapeti na umeme kidogo tu.

Kwa yako piga picha za kutosha, mwambie fundi akuandikie karatasi yenye muhuri, nini kimekufa na bei. Injini ya kutoka Japani, kontroli boksi (kompyuta ya gari), kufunga na kusafisha waya zote, ukitoka chini ya milioni 2 umshukuru Mungu. Na waya za maji ya mafuriko zinaoza taratibu, mwezi wa sita taa ya eabegi inawaka, mwezi wa nane madirisha hayapandi. Mi nakula kwa kazi hii lakini nakwambia ukweli, kwa mtu asiye na mshahara usilitengeneze.

mbezi_chini

Mimi nilizamiwa Mbezi kipindi hichohicho ila nilikua na bima kubwa. Niweke na hili maana kuna watu wanadhani bima kubwa ni kila kitu. Mafuriko hayaingii moja kwa moja kwenye kila mkataba wa bima, kuna zinazotaka uongezewe kipengele ulipie kidogo, kasomeni sasa hivi kabla ya vuli. Mi kilikuwepo. Nilitoa taarifa siku ileile, sikugusa gari mpaka mkaguzi wao akaja, na hela ilipotoka ilienda kwanza benki kulipa mkopo, mi nikapata kilichobaki.

Walinizungusha miezi miwili hata hivyo. Nilipoandika barua na nakala kwa TIRA (mamlaka inayosimamia kampuni za bima) mambo yakasogea. Isingesogea ningeenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, yupo kwa ajili ya watu kama sisi. Mleta uzi wewe ya 118,000 inalipa uliyemgonga, gari lako hailigusi, hapo usipoteze nauli.

kigogo_mbuyuni

Ndiyo kaka, nimeshakubali. Tofauti ilikua 542,800. Nimeiandika kwenye karatasi mara nyingi sana hii namba.

wakili_wa_mtaa

Mkuu mbona wote wameruka kwenye gari, mi nauliza kazi. Barua umepewa 31 Mei, leo ni tarehe 19 Juni. Una siku 30 tu kupeleka mgogoro wa kuachishwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi), usizichezee.

Kupunguza watu sio kuita wanane chumbani na kugawa barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, mwajiri anatakiwa atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, ashauriane nanyi au chama chenu nani apunguzwe, kwa vigezo gani, na mtalipwa nini. Mlikaa kikao chochote?

Alafu malipo. Notisi siku 28 kama mlilipwa kwa mwezi. Likizo ambayo hukwenda. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Wewe miaka 6 ni siku 42. Milioni 1.1 gawa kwa 26 ni 42,307 kwa siku, mara 42 ni kama milioni 1.78. Umepewa?

kigogo_mbuyuni

Kikao hakikuwepo. Tumelipwa mshahara wa Mei na notisi basi, HR akasema kiinua mgongo "kinashughulikiwa". Sikujua kama kuna siku 30 mkuu, nilikua nasubiri tu wanipigie.

wakili_wa_mtaa

Usisubiri simu. Kesho nenda CMA, jaza fomu namba moja, nakala mpe mwajiri asaini kwamba amepokea. Waite na wenzako saba. Usuluhishi ndo unaanza kwanza, waajiri wengi hapo ndo wanalipa maana hawataki kufika kwenye uamuzi.

Na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) je? Kuna fao la kukosa ajira. Ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwako ni kama 366,000 kwa mwezi. Rejesho la gari haifiki, ila chakula cha watoto na kodi utapumua. Beba barua ya kuachishwa na kitambulisho.

mama_wawili_kinondoni

Samahani naingilia, kaka umeshamwambia shemeji? Nauliza kwa sababu mimi ndiye nilikua upande wa shemeji. Nilimdhamini mdogo wangu mkopo wa bajaji, akakwama akanyamaza, mi nikajua siku nimepigiwa simu nikiwa kazini mbele ya bosi. Hela nililipa ikaisha, lakini ile ya kutokuambiwa mpaka leo tukikaa kwenye msiba au harusi naikumbuka. Tafadhali alisikie kutoka kwako.

kigogo_mbuyuni

Dada umenigusa penyewe. Hajui. Wife pia hajui kwamba Juni sijalipa. Nawaambia Jumapili.

---

kigogo_mbuyuni — MREJESHO, wiki tano baadae

Wakuu nimerudi. Niliahidi kimoyomoyo ntaleta mrejesho maana nyuzi nyingi humu mtu akishapata msaada anapotea.

Nianze na shemeji. Nilimfuata kwake Tabata nikiwa na wife. Nilikua nimepanga maneno njiani yote yakapotea, nikampa barua ya kuachishwa kazi akaisoma, kisha picha za gari kwenye simu akaziangalia moja moja. Alinyamaza muda mrefu kidogo. Akasema, "Shem, kwanini nimejua leo?" Sikua na jibu. Alafu akamwambia mkewe aongeze sahani. Hatukuongea deni tena siku ile, ila Alhamisi alikuja mwenyewe kwenye ofisi ya mkopo tukaingia wote.

Ofisini nilienda na faili la kijani, ndani kuna barua ya kazi, picha, karatasi ya fundi yenye muhuri, barua ya serikali ya mtaa kwamba naishi pale na pale palizama, na barua yangu ya mkono. Sikuandika mengi, niliomba vitu viwili tu, wanipumzishe rejesho miezi miwili bila faini, na waniruhusu niuze gari mwenyewe wakijua, hela iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Na niliuliza swali la dada, ukimaliza kwa mkupuo ni kiasi gani.

Yule afisa niliyekua namkwepa ni kijana mdogo mpole tu. Akaniambia ungepokea simu ya kwanza Juni isingekua na faini. Meneja alikua mgumu mwanzoni, anasema riba ya flati iko kwenye mkataba nimesaini, na kweli nimesaini. Tukaenda mara tatu. Mara ya pili nilimwambia kwa heshima kabisa kwamba nisipoelewana nao ntaandika malalamiko rasmi kwao, na yasipojibiwa ntayapeleka dawati la malalamiko Benki Kuu, maana BoT ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019. Sikutishia, nilisema tu. Mara ya tatu wakanipa karatasi, kumaliza kwa mkupuo ndani ya siku 45 ni milioni 5.6, yaani msingi wote, sehemu ya riba ya miezi miwili iliyopita bila rejesho na faini ya Juni basi. Riba nyingine wameisamehe.

Kuuza ndo ilikua kazi. Wa kwanza akaja na milioni 3, anazunguka gari amebana pua. Wa pili 4. Nikamtafuta fundi_gerezani inboksi (ubarikiwe kaka) akaniunganisha na mtu anayenunua magari ya hivi anabadili injini mwenyewe, nikamwambia kila kitu, lilizama mpaka wapi, nilipiga funguo, sikuficha. Akaleta milioni 5. Tukaenda naye ofisini, akaweka hela kwenye akaunti ya mkopo mbele yetu, mi nikaongeza laki sita. Ile laki sita ilitoka kwenye kiinua mgongo maana CMA mwajiri alikuja siku ya kwanza ya usuluhishi na hundi za watu wote wanane. Tulienda wote wanane.

Nimepewa barua ya kumaliza deni. Shemeji kapewa yake ya kuondolewa udhamini, niliomba ya kwake iandikwe kivyake, ina jina lake. Kadi ya gari wakamkabidhi mnunuzi mbele yangu, nikasaini mkataba wa mauziano, na nimemsisitiza uhamisho wa umiliki ufanyike TRA (mamlaka ya mapato) mapema maana sitaki deni la faini za barabarani lije na jina langu.

Gari lilivutwa Jumamosi. Kabla hawajalifunga mnyororo binti yangu alisema anataka kutafuta penseli zake za rangi chini ya siti. Alipata nne kati ya kumi na mbili, ameziosha zinaandika. Ile ndala niliiweka ukutani kwa jirani toka Aprili, mwenyewe hajaja.

NSSF nimejaza, wameniambia nisubiri. Kwa sasa nabeba mizigo Buguruni na asubuhi natuma barua za kazi.

dada_wa_mikopo

Umenitoa machozi kazini. Ile barua ya kumaliza deni toa nakala tatu uiweke sehemu tofauti. Na baada ya mwezi mmoja omba ripoti yako ya mikopo uone wameandika umemaliza, wakati mwingine wanasahau kusasisha, alafu mwaka kesho unaenda kuomba mkopo wa mtaji unaambiwa unadaiwa.

mwana_tandale

Kaka mi ndo nilikwambia ulichinje. Naomba radhi. Nashukuru hukunisikiliza.

kigogo_mbuyuni

Hapana mkuu, we ulikua wa kwanza kunijibu saa nane ile usiku. Nilijiona sipo peke yangu.

mgeni_jangwani

Samahani wakuu nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi tu. Mimi ni bajaji, mkopo umebaki miezi tisa, imezama Jangwani nayo haiwaki tangu Aprili na nimekua nazima simu. Mdhamini ni mama yangu mzazi. Sijui naanzia wapi.

kigogo_mbuyuni

Washa simu. Usipige stata. Kesho niko Buguruni mpaka saa saba mchana, baada ya hapo nina muda. Lete mkataba na namba ya afisa wako, nakuja na faili langu la kijani uone nilivyoandika ile barua, tunakaa tunaandika ya kwako, alafu jioni tunaenda kwa mama. Nimekutumia namba inboksi.